Breki ya Motokaa Inapokuwa Laini

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Nyote mnaijua pikapu ya shule yetu. Ndiyo iletayo unga na maharage, na ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku wa manane. Lakini si wengi wajuao kwamba kwa muda wa majuma matano ya muhula huu gari hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka mlima wetu na breki ambayo haikushika mpaka ikanyagwe mara mbili. Nataka kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na jinsi ugonjwa wake ulivyopatikana. Somo lenyewe limo katika kitabu chetu cha fizikia, ila kitabu hakikutaja gari.

Jumamosi moja ya mwezi Agosti 2025 mimi na wenzangu wawili tulichaguliwa kwenda Mombo kupakia magunia. Barabara ya kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita 33 hivi, nayo huteremka karibu mita 1,000, kona baada ya kona. Tulipokwisha kupita Soni, mlima ukiwa mkononi kwetu upande mmoja na korongo upande wa pili, nilimwona dereva wetu akikanyaga breki na goti lake likishuka mbali kuliko kawaida. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shikeni vizuri, wanangu," akaingiza gia ya pili, akakanyaga tena upesi upesi, na gari likapungua mwendo mpaka likasimama kando, tairi likigusa ukingo wa mfereji. Tulishuka, tukaweka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Nilimwuliza, "Mzee, breki imekatika?"

Akajibu, "Haijakatika. Siku hizi haisikii ikiambiwa mara moja."

Tuliketi pale nusu saa nzima mpaka magurudumu yakapoa, kisha tukaendelea kwa gia ndogo. Habari ilipofika shuleni wakawapo waliosema kwamba kosa ni la dereva, kwa kuwa hukanyaga breki mlima mzima badala ya kutumia gia. Yeye hakujibu neno. Na fundi mmoja, ambaye alikuwa ameitengeneza gari hiyo mwezi wa Julai, akasema ni lazima inunuliwe masta silinda mpya.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tufahamu breki hufanyaje kazi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 hata 1662, alionyesha kwamba ukisukuma kitu kioevu kilichofungiwa chombo, msukumo huo huenea pande zote sawasawa. Wahandisi wa motokaa walichelewa sana kuitumia elimu hiyo; Malcolm Loughead wa Marekani alipata hati ya breki za mafuta mwaka 1917, na gari la Duesenberg la mwaka 1921 ndilo lililouzwa la kwanza likiwa na breki hizo katika magurudumu yote manne.

Tufanye hesabu kwa tarakimu nyepesi, tukiacha pembeni kile kisaidizi cha duara kilicho mbele ya dereva ambacho huongeza nguvu injini inapozunguka. Tuseme mguu wa dereva unasukuma kwa nguvu ya nyutoni 200. Pedeli ni wenzo, nayo huzidisha nguvu mara 5, basi pistoni ya masta silinda inasukumwa kwa nyutoni 1,000. Ikiwa eneo la pistoni hiyo ni sentimita za mraba 4, kila sentimita ya mraba ya mafuta inabeba nyutoni 250. Huko kwenye gurudumu kuna pistoni yenye sentimita za mraba 20. Zidisha: nyutoni 5,000. Mguu wa mtu mmoja umekuwa na nguvu kama ya kuinua nusu tani.

Lakini nguvu haipatikani bure. Kilichoongezeka katika nguvu kimepungua katika mwendo. Pedeli husafiri sentimita kadhaa, na pistoni ya gurudumu husogea kiasi kidogo mno. Kwa hiyo mwendo wa pedeli ni mali ya kuhesabiwa, na kila kitu kinachoula mwendo huo huiba breki.

Mwizi ajulikanaye kuliko wote ni hewa. Mafundi wetu huiita upepo, na kazi ya kuiondoa huitwa kutoa upepo. (Mdogo wangu wa Kidato cha Pili aliniuliza, ikiwa malori makubwa yana breki za upepo, kwa nini upepo uwe adui katika pikapu? Swali zuri. Lori lina mashine ya kuukandamiza upepo na matangi ya kuuweka akiba. Upepo ndio mtumishi wake. Katika breki za mafuta upepo ni mgeni aliyeingia bila kualikwa.) Mafuta hayakubali kubanwa, hewa hukubali. Chukua kijiko kimoja cha chai cha hewa, yaani sentimita za ujazo 5. Katika mfano wetu mafuta yanasukumwa kwa kipimo cha mara 25 ya hewa ya kawaida. Ukijumlisha na ile hewa ya kawaida yenyewe, inakuwa mara 26. Kwa kanuni ya Boyle, zile sentimita 5 zitabanwa hata zisifike robo ya sentimita moja. Nafasi ya sentimita za ujazo 4.8 imeachwa wazi, na lazima masta silinda iijaze. Kwa pistoni ya sentimita za mraba 4 huo ni mwendo wa sentimita 1.2, na kwa pedeli, mara tano yake: sentimita 6! Kijiko kimoja cha hewa kimekula sentimita sita za pedeli. Niliirudia hesabu hii mara tatu kwa kutoiamini.

Basi mtu akisikia hayo atasema, breki ikiwa laini, toa upepo. Ndivyo alivyofanya yule fundi. Mwezi wa Julai alibadilisha silinda ndogo za magurudumu ya nyuma kwa sababu moja ilivuja, akaweka na viatu vipya vya breki, akatoa upepo. Pedeli ikabaki chini. Akatoa upepo mara ya pili, na mara ya tatu, chupa baada ya chupa ya mafuta. Hapo ndipo alipoilaumu masta silinda.

Siku ya wazazi alikuja mjomba wangu, ambaye ana gereji Korogwe na ambaye mimi humsaidia wakati wa likizo. Nilimsimulia, naye akamwomba Mwalimu wetu wa fizikia ruhusa ya kuitazama gari. Mwalimu akaipata ruhusa kwa Mkuu wa Shule, akaja yeye mwenyewe na wanafunzi kumi na wawili, na dereva akaleta ufunguo. Mjomba alimwamkia dereva kwanza, kwa kuwa ni mkubwa wake, kisha akamwuliza swali ambalo nadhani hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Mzee, wewe ndiwe unayeishi nayo. Ukiikanyaga, unasikia nini mguuni?"

Dereva akafikiri. "Mara ya kwanza inakwenda chini karibu na sakafu. Mara ya pili inapanda juu, na ikipanda inakuwa ngumu kama jiwe."

Mjomba akatugeukia. "Mmesikia? Amekwisha kuniambia nusu ya ugonjwa."

Maana pedeli laini si ugonjwa mmoja. Ikiwa mna upepo, pedeli ukiikanyaga mara nyingi upesi hupanda kidogo, lakini hata ikipanda hubonyea kama sponji au kama mpira usiojaa, kwa kuwa hewa bado imo na bado inabanwa. Ikiwa inapanda na kuwa ngumu kabisa, mafuta ni mazima. Kilichopo ni nafasi kubwa mno mahali fulani, ambayo hatua moja ya masta haitoshi kuijaza. Na ikiwa pedeli ni ngumu mwanzoni, lakini ukiishikilia huzama polepole kama mtu aketiye juu ya tope, basi mafuta yanatoroka: ama yanavuja nje, nawe utaona unyevu kwenye bomba au ndani ya gurudumu, ama raba za ndani ya masta silinda zimechakaa na mafuta yanarudi nyuma yake bila tone kuonekana nje.

Tulianza na hili la mwisho, maana ndilo lililokuwa likitakiwa kununuliwa. Injini ikiwa imezimwa, dereva alikanyaga mara sita ili kuumaliza msaada wa kile kisaidizi cha duara, kisha akashikilia kwa nguvu. Mwalimu alishika saa, mimi nikashika rula kati ya pedeli na sakafu. Dakika moja ikapita, na ya pili. Pedeli haikushuka hata milimita moja. Masta silinda haikuwa na hatia.

Jaribio la pili ndilo lililonifurahisha zaidi kwa wepesi wake. Pedeli ilipokanyagwa mara moja tu, baada ya kupumzika, ilibakisha sentimita 3 juu ya sakafu. Mjomba akamwambia dereva avute breki ya mkono, kisha akanyage tena. Ikabakisha sentimita 8! Hapakufunguliwa skrubu hata moja. Breki ya mkono huvuta viatu vya magurudumu ya nyuma peke yake, ikavisogeza karibu na ngoma. Na viatu vilipokuwa karibu, pedeli haikuwa na kazi ya kuvisafirisha. Nafasi iliyotafutwa imo nyuma. Ili kuthibitisha, mjomba alifunga mpira unaokwenda nyuma kwa kibanio maalumu chenye midomo laini, na pedeli ikapanda vilevile. (Msijaribu kwa koleo la kawaida; litaukata mpira kwa ndani, nanyi mtakuwa na ugonjwa wa pili.)

Tukaweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, tukainua nyuma, tukaikalisha gari juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye kupenda uhai. Magurudumu yakazungushwa kwa mkono. Yalizunguka kama feni. Ngoma zilipotolewa tukaona viatu viko mbali, vipya kabisa, vimeguswa kidogo tu.

Katikati ya viatu viwili kuna skrubu yenye kigurudumu kidogo cha meno. Viatu vinapolika, kijiti kidogo huusukuma huo meno baada ya meno, skrubu hurefuka, na viatu hubaki karibu na ngoma. Sasa sikilizeni. Skrubu ya gurudumu la kushoto ina uzi uzungukao upande mmoja, na ya kulia upande wa pili. Mjomba aliitoa ya kushoto, akaizungusha kidoleni, akacheka. Ilikuwa ya kulia. Na ya kulia ilikuwa ya kushoto. Kwa hiyo kila kijiti kiliposukuma ili kurefusha, skrubu ilifupika. Gari ilikuwa ikijilegeza breki yenyewe kila siku, na kila ilipotolewa upepo na kurudishwa barabarani iliendelea kujilegeza.

Yule fundi hakuwa mjinga, na sipendi adhaniwe hivyo. Alifungua magurudumu yote mawili pamoja, vyuma vikachanganyika sakafuni. Mjomba hufungua upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili uwe picha ya kutazamia wakati wa kurudisha.

Lakini kwa nini pale Soni ilikuwa mbaya kuliko siku nyingine? Mwalimu alituachia swali hilo tulijibu wenyewe darasani. Gari la tani mbili likiteremka mita 1,000 hutoa nishati ya jouli milioni 20 hivi, ambayo ingetosha kuchemsha lita 60 za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na injini ikiwa gia ni ndogo, na iliyobaki huwa joto la breki. Chuma kikipata joto hupanuka. Ngoma yenye kipenyo cha milimita 250, ikiongezeka joto kwa digrii 200, hupanuka zaidi ya nusu milimita, nayo hupanuka kwenda nje, ikivikimbia viatu. Nafasi iliyokuwa kubwa ikawa kubwa zaidi. Baada ya nusu saa ngoma zilipoa, zikarudi, na breki ikapata nafuu. Na dereva? Angekuwa mtu wa kukanyaga breki mlima mzima tungeona ngoma zimebadilika rangi kuwa buluu na viatu vimeungua. Havikuwa hivyo. Mwalimu alilisema jambo hilo mbele yetu sote, naye dereva akainama akajifanya anatafuta spana.

Skrubu zikarudishwa kila moja mahali pake, viatu vikasogezwa mpaka ngoma ikagusa kwa mbali sana ilipozungushwa. Kisha mjomba akasema, sasa ndipo tutatoa upepo. Tulishangaa. Alitufungulia kile kikopo cha mafuta juu ya masta tukachungulia: mafuta yalikuwa ya rangi ya kahawa, ingawa chupa tatu zilikuwa zimepita mle. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205, lakini yakisha kunywa maji kiasi cha kipimo chake huweza kuchemka kwenye digrii 140. Ya DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Kwa gari la milimani hilo ni jambo la kuogopwa. Chupa iliyofunguliwa ikakaa miezi stoo haifai tena, hata kama imejaa.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja huketi kwenye pedeli, mwingine hulala chini na spana, na mpira mwembamba wa kuona ndani uliochomekwa kwenye skrubu ya kutolea upepo, mwisho wake ukizama ndani ya mafuta kidogo katika chupa, ili hewa isirudi. Wa chini husema, "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga polepole na kujibu, "Nimeshika!" Skrubu hufunguliwa robo mzunguko, mafuta hutoka na mapovu yake, hufungwa, ndipo huitwa, "Achia!" Pedeli ikiachiwa kabla skrubu haijafungwa, hewa yote mliyotoa hunyonywa upya. Mimi nilifanya kosa hilo mara moja, mjomba akatuanzisha tena gurudumu lile.

Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, ambalo kwetu ndilo lililo mbali kabisa na masta, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Magari mengine, hasa yenye kompyuta ya breki au mabomba yaliyopishana, yana utaratibu wake, na yapasa kufuata kitabu cha gari. Kila baada ya hatua tano au sita kikopo cha juu kilijazwa, maana kikikauka masta humeza hewa na kazi yote huwa bure. Chini ya pedeli mjomba aliweka kipande cha ubao ili isifike sakafuni, kwa sababu masta ya zamani ina kutu na uchafu mahali ambapo pistoni haifiki siku zote, na raba zikipelekwa huko huchanika. Mtu aweza kuiua masta nzima kwa kuitoa upepo.

Pia alituonyesha kwamba skrubu ya kutolea upepo lazima iwe juu kabisa ya silinda, kwa kuwa hewa hukaa juu. Aliwahi kuletewa gari iliyofungwa silinda za mbele za kushoto kulia na za kulia kushoto, skrubu zikatazama chini, na wenyewe walikuwa wametoa upepo siku mbili. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi, hata yakionekana safi. Yakidondoka kwenye rangi ya gari yamwagiwe maji mara moja, kwani hula rangi. Wala asithubutu mtu kuongeza mafuta ya injini. Raba zitavimba zote.

Mapovu hayakuwa mengi. Katika magurudumu matatu hatukuona kabisa.

Jumamosi iliyofuata tulishuka Mombo tena, wale wale watatu, nami nikiwa na rula. Shuleni, gari ikiwa baridi, pedeli iliyokanyagwa mara moja ilibakisha sentimita 9. Soni tulisimama tukapima: sentimita 9 kasoro kidogo. Mombo, baada ya kona zote, sentimita 8 na nusu. Dereva aliitazama rula kwa muda, akaniuliza kama zile tarakimu nimeziandika mahali. Nilimwonyesha daftari. Akaniomba nimnakilie katika karatasi, pamoja na tarehe, akaikunja na kuiweka katika kitabu cha safari cha gari.